Ukurasa wa 61 Uko Mishamo

Mpanda, 20 Januari 2024

Mzee Didace,

Shikamoo mzee. Hunijui na mi sikujui. Naitwa Zakayo, kwetu Majimoto, sasa hivi niko Mpanda mjini. Jina lako kanipa Jonas wa pikipiki, yule anayeleta maharage huku kila wiki. Alisema Mishamo kuna mzee alikuwa mwalimu, Kifaransa anakisoma kama anasali Baba Yetu. Ndo nikashika kalamu. Samahani kwa mwandiko, mkono wangu umezoea vitu vingine.

Mzee, nina kitabu cha Kifaransa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na hicho kitabu ni cha masomo ya uongozi. Tunajifunza kwa kompyuta. Unapewa mji mdogo pembeni ya mto, unauongoza miaka mingi, unaweka chakula ghalani, unachunga ng'ombe, unaelewana na majirani au mnapigana. Kitabu ndo kinasema ufanye nini. Mi Kifaransa hakijaniingia vizuri, na hapa sina wa kumuuliza.

Gundi yake imekufa, karatasi zinatoka zenyewe. Nakutumia nne za mwanzo. Ukimaliza mpe Jonas arudishe, maana kitabu si changu. Nimeweka sukari kilo moja na sabuni mche mmoja. Hayo si malipo, ni salamu.

Naomba usimwonyeshe mtu mzee wangu.

Ni mimi,
Zakayo

*

Mishamo, 2 Februari 2024

Mwanangu Zakayo,

Amani iwe kwako. Sukari tumeipokea, na sabuni, Mungu akuongezee. Macho yangu yameingia ukungu. Nasoma kwa lenzi, neno moja moja, halafu namtamkia mjukuu wangu Candide kwa Kiswahili naye anaandika. Amemaliza kidato cha nne mwaka juzi, mwandiko wake ni mzuri.

Kitabu chako kinamwita msomaji "mchezaji". Nilishangaa kidogo, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi niliwafundisha watoto hesabu kwa mchezo wa mawe. Ni njia nzuri.

Mwandishi anajua mambo mengi, ila kilimo hakijui. Anasema shamba lipandwe kila msimu bila kupumzika. Mtu wa Mishamo hawezi kusema hivyo. Lakini nimeandika kama alivyosema, maana kazi ya mfasiri si kubishana. Nilifundisha miaka thelathini, na sikuwahi kumpa mtoto neno ambalo halikuwa kitabuni nikamwambia limo.

Nimefurahi sana kupata mwanafunzi tena. Hapa nyumbani kuna kiti kimoja chenye mgongo. Nimewaambia kiti hicho ni cha mwanafunzi wangu wa chuo, asikae mtu. Ukipata likizo, njoo ukikalie.

Mwalimu wako,
Didace

Haya ya chini ni yangu mimi Candide. Babu ameshasaini, na maandishi madogo haoni. Kaka, chuo gani hicho? Ukurasa wa nane kuna picha ya mtu ana upinde na kofia ya manyoya. Huyo mtu namjua. Nilimwona Mpanda kwenye kioo cha kompyuta, kuna chumba karibu na stendi, vijana wanampigia kelele "piga! piga!" Mi sijamwambia Babu. Ila niambie ukweli, nisije nikawa naandika dhambi kwa mkono wangu.

*

Mpanda, 10 Februari 2024

Dada Candide,

Ya Mzee iko kwenye bahasha kubwa pamoja na karatasi zingine. Hii ni yako peke yako, uisome halafu uitie motoni.

Umenishika. Sisomi chuo. Nabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nina miaka ishirini na tatu. Shule niliishia darasa la nne kule Majimoto. Baba alisema ng'ombe hawajui Jumatatu, akanitoa nikaenda kuchunga, na mwalimu hakuja kuniulizia. Kiswahili nasoma taratibu, hata barua zenu nazirudia mara tatu nne. Kifaransa sijui hata kinaanzia wapi.

Hicho chumba ulichokiona ni cha Severini, fundi simu. Ana kompyuta tano. Mchezo unaitwa Bonde, ulikuja na kompyuta moja aliyoachiwa na mzungu aliyekuwa anahama, na kitabu chake. Kila kitu Kifaransa. Vijana wanabonyeza tu. Mji wao ukifika mwaka wa tatu watu wote wanakufa njaa, wanacheka, wanaanza upya. Msimu huu mashine yetu haina kazi, kwa hiyo kila siku nilikuwa naenda kukaa kwenye benchi naangalia. Sichezi, sisemi. Miezi miwili. Nikaona kwamba ng'ombe wa mle ndani wanakunywa kama wa kwetu, ukiwachelewesha mtoni wanarudi wanakanyaga shamba, ndo mwanzo wa njaa. Hakuna aliyekuwa ameona hilo.

Siku hiyo Severini akanigeukia mbele ya watu. "We bubu! Miezi miwili unakodoa macho hapo, unaelewa nini wewe?" Wote wakageuka. Dada, mi nikiangaliwa na watu nachanganyikiwa. Nikasema, "Kifaransa nakijua." Sijui kilitoka wapi. Wakanyamaza! Mtu asiyeongea watu wanadhani ana mengi ndani. Severini akachukua kitabu akanipa, akasema, "Basi kisome utufundishe."

Ndo nikamwandikia Babu. Zile karatasi nne niliposhika ulivyoandika wewe, nikaenda nikafungua ghala, nikahamisha ng'ombe, mji ukafika mwaka wa kumi na moja. Sasa wananiita Profesa. Kila jioni wanajaa, mi nashika kitabu, nafungua ukurasa, nasema maneno yenu niliyokariri. Nageuza karatasi kama nasoma. Jasho linanitoka mpaka kwenye magoti.

Usimwambie Babu. Uongo wa kwanza nilimwambia kwa aibu, kwamba mtu mzima mzima namsumbua mzee kwa ajili ya mchezo wa watoto. Sasa uongo wenyewe una kiti chenye mgongo.

Zakayo

*

Mishamo, 19 Februari 2024

Profesa wa darasa la nne!

Nimecheka mpaka Babu akauliza kuna nini, nikasema kuku kamrukia mbuzi. Halafu nilipoacha kucheka nikasikia vibaya, basi tuyaache.

Sitamwambia. Ila jua yanayoendelea huku. Babu tangu bibi afariki alikuwa anakaa tu anasikiliza redio. Sasa anaamka, ananawa, anavaa shati la kola, anasema, "Candide, leta kazi ya kijana." Amewatangazia kanisani ana mwanafunzi wa chuo Mpanda. Wazee wenzake wanamuuliza, "Mwalimu, huyo wako amefika wapi?" Anasema, "Tuko kwenye majirani, wiki ijayo tunaingia vita." Kwa sauti ile ya mbele ya ubao!

Kwa hiyo we kaka utamwambia mwenyewe kabla kitabu hakijaisha. Siyo mimi, siyo Jonas. Ukurasa wa mwisho ni wa 118, nimeangalia orodha ya mwanzo. Hesabu siku zako.

Na hiyo barua yako sikuitia motoni, usinipangie.

Candide

*

Mishamo, 8 Machi 2024

Mwanangu Zakayo,

Mvua imekata barabara, Jonas alilala njiani siku mbili, ndiyo maana kazi yako imechelewa. Karatasi tatu zinarudi na tafsiri zake. Karatasi yenye ukurasa wa 61 na wa 62 nimeibakiza kwanza, kuna maneno nataka kuyaangalia tena. Tafsiri yake hata hivyo hii hapa.

Ukurasa wa 61. Juu ya watu wanaofika wakikimbia. Mji wa jirani ukiungua, watu wake watakuja kwako. Usiwaache nje ya ukuta. Wahesabu kwa majina, usiwahesabu kwa vichwa. Wape shamba ndani ya mpaka wa mji wako, kila nyumba na lake, wape jembe na mbegu. Misimu miwili usiwadai chochote. Msimu wa tatu ghala lako litajaa kuliko la jirani yeyote. Adui akija, wataulinda mji huo kwa sababu ni wao.

Ukurasa wa 62 ni picha tupu.

Shika sana huo wa 61, mwanangu. Ukisahau mengine yote, huo usiusahau.

Mwalimu wako,
Didace

Ni mimi Candide. Sijui kuna nini na hiyo karatasi. Siku zingine ananitamkia hapohapo anaposoma. Hiyo aliisoma peke yake, akaweka lenzi chini, akatoka nje akasimama kwenye migomba. Aliporudi akanitamkia yote mara moja bila kuangalia karatasi.

*

Mpanda, 17 Machi 2024

Mzee Didace,

Shikamoo. Ukurasa wa 61 nimeufanya. Kuwaita majina kompyuta haina sehemu hiyo, nilitafuta. Lakini kugawa shamba ipo, watu wote walikuwa hawajaiona. Mwanzo ghala lilishuka mpaka wenzangu wakashika vichwa, "Profesa unatumaliza!" Nikasema subirini msimu wa tatu. Msimu wa tatu, mzee, ghala lilijaa! Wamepiga kelele mpaka mama wa mgahawa wa jirani akaja na mwiko. Mji wangu umefika mwaka wa arobaini. Hakuna aliyewahi kufika.

Jumatatu ya Pasaka tuna mtihani mbele ya watu. Naomba uniombee. Na ile karatasi ya 61, kama umemaliza nayo, naomba irudi kabla ya hapo, kitabu kisikutwe na pengo.

Mwanafunzi wako,
Zakayo

Dada Candide, hiki kipande ni chako. Sio mtihani. Kuna kijana anaitwa Stanslaus, mtoto wa hapa mtaani, anasoma kompyuta chuo kikuu cha kweli. Anakuja Pasaka. Severini anataka tucheze mimi na yeye, kompyuta mbili, watu waangalie. Severini kasema nikifanya vizuri, nikasoma na kitabu watu wakaelewa, ananichukua kabisa, niwe mwalimu wa pale kila siku, niache magunia. Dada, mi sijawahi kuitwa mwalimu wa kitu. Nikichemka nitaonekana ni kuli aliyejifanya msomi, na Mpanda hii utakaa wapi? Nitarudi Majimoto nimsikie baba, "Si nilisema kitabu si chako?" Mwambie Babu airudishe ile karatasi.

*

Mishamo, 14 Aprili 2024

Kaka Zakayo,

Mbona kimya? Pasaka imepita wiki mbili. Jonas anasema anakuona kwa mbali mashineni ukiona pikipiki yake unaingia nyuma ya magunia. Sasa magunia yatakuficha mpaka lini?

Karatasi nilimwomba Babu mara mbili. Mara ya kwanza alisema bado. Mara ya pili alisema, "Tafsiri anayo, yatosha," na akaiweka ndani ya Biblia. Sikuweza kuichukua humo.

Jumatatu ya Pasaka alisimama kanisani akaomba watu wamwombee mwanafunzi wetu aliye kwenye mtihani. Kanisa zima, kaka. Mama Gaudensia ambaye hana mtoto hata wa darasa la saba alilia machozi. Sasa pikipiki ikipita Babu ananyanyua kichwa. "Majibu yametoka?" Namwambia bado.

Niandikie hata mstari mmoja.

Candide

*

Mpanda, 21 Aprili 2024

Dada Candide,

Majibu yametoka.

Chumba kilijaa, wengine walisimama madirishani. Severini alikuwa ameazima spika ya kanisa. "Upande huu Stanslaus wa chuo kikuu! Upande huu Profesa wetu, Kifaransa anakunywa kama uji!" Watu wakapiga vigelegele. Stanslaus hana maringo, nilitaka awe na maringo lakini hana. Alinipa mkono akasema, "Kaka nimesikia sifa zako."

Tukacheza. Mpaka mwaka wa ishirini na saba tulikuwa sawasawa. Ndo mji wa juu ya mto ukaungua, watu wakaja kwetu wote wawili. Yeye akawaweka nje ya ukuta. Mi nikagawa shamba. Akaangalia kioo changu akasema, "Kaka unafanya nini? Utakula ghala lote."

Nikasema, "Kitabu ndo kinasema."

"Kitabu? Hapana bwana. Mi ninacho cha Kiingereza kwenye simu. Kinasema kinyume kabisa."

"Cha Kifaransa kinasema hivi," nikasema, nikashika kitabu nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikafungua katikati nikasoma ukurasa wa 61 wote kwa sauti, mpaka adui akija wataulinda kwa sababu ni wao. Watu wakapiga makofi! Kuna mmama akasema, "Kweli kabisa."

Stanslaus akasema tu, kwa upole, "Hebu nione."

Akachukua. Akaangalia. Akageuza karatasi, akarudisha, akageuza tena. Akasema, "Severini, hapa ni sitini. Hapa ni sitini na tatu."

Severini akasema, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sitini na moja haimo. Huyu amesoma karatasi ambayo haipo."

Mi nikasema iko nyumbani. Mtu wa nyuma akasema, "Basi atusomee nyingine, si anajua!" Severini akafungua popote akanipa. Dada, ile niliikuta haina picha. Zenye picha nazijua zote, naangalia picha nakumbuka maneno yako. Hii ilikuwa maandishi juu mpaka chini. Severini akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nionyeshe tu ng'ombe wameandikwa wapi. Neno moja." Alikuwa ananisaidia. Nikaweka kidole mahali.

Stanslaus akaangalia kidole changu. Akatikisa kichwa tu. Angesema ingekuwa afadhali. Mtoto mmoja ndo alianza, "Profesa wa hewa!" Wakacheka wote mpaka spika ya kanisa ikaanguka. Nikatoka. Mji wangu niliuacha unaendelea, sikuuzima.

Sasa mashineni wananipa gunia wanasema, "Profesa, beba, ukurasa wa 61." Mpunga mpya umeanza kuingia, magunia ni mengi, kwa hiyo naitwa siku nzima.

Hilo la kucheka nalistahili, nilidanganya. Lakini kuna kitu kinanikata. Stanslaus hakunidanganya, nilimwangalia macho. Basi muulize Babu swali moja tu. Ukurasa wa 61 unasema nini?

Na mwambie mimi ni nani. Ulisema nimwambie mwenyewe, nimeshindwa. Msomee barua hii yote, na ile ya kwanza ambayo hukuitia motoni.

Zakayo
darasa la nne

*

Mishamo, 3 Mei 2024

Zakayo,

Barua hii naiandika mwenyewe. Herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima, utanisamehe. Sikutaka kumtamkia mjukuu wangu haya.

Candide amenisomea barua zako zote mbili. Niliposikia magunia nilikasirika. Nilifikiria kanisa, nilifikiria uso wangu mbele ya wazee. Nilimwambia Candide akitoe kile kiti nje. Kisha akanisomea swali lako la mwisho, na hasira ikakosa pa kukaa.

Ukurasa wa 61 unasema hivi. Mji wa jirani ukiungua, watu wake watakuja kwako. Waweke nje ya ukuta. Wape nusu ya chakula, kinatosha kuishi. Wafanyishe kazi ya boma, maana hawadai ujira. Adui akija, hao watangulie mbele, askari wako wabaki salama. Vita vikiisha wafukuze, kwa sababu wanakula.

Ndivyo ulivyo. Ukurasa wa 62 si picha tupu. Ni picha yao, wamechorwa wadogo wadogo, na chini imeandikwa wanafaa kwa kiasi gani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba mwaka wa sabini na mbili. Tulikimbia mauaji ya kwetu, tukavuka mpaka tukiwa tisa, tukafika wanne. Niliwahi kuhesabiwa kwa vichwa, Zakayo. Mtu alipita na fimbo akitugusa, moja, mbili, tatu. Baadaye tukaletwa huku Mishamo, pori tupu, tukapewa kila nyumba shamba lake, majembe na mbegu. Miaka michache tu, magari yalikuwa yanatoka hapa yamejaa mahindi na maharage yetu. Nilichokuandikia sikukitunga. Nilikiona. Ila hakikuwa kitabuni.

Nilidhani unasomea uongozi. Nilijisemea, kijana huyu kesho ni mtendaji, kesho kutwa ni mkubwa, siku moja watu watafika mpakani na vitanda kichwani naye atakumbuka alichofundishwa. Nikaona nimfundishe nini? Nikaiweka karatasi kwenye Biblia ili mtu asiione. Ndiyo hiyo karatasi iliyotafutwa mbele ya watu. Walikucheka kwa pengo nililolitoboa mimi.

Nilikwambia sijawahi kumpa mtoto neno lisilokuwa kitabuni nikamwambia limo. Ilikuwa kweli mpaka tarehe nane Machi. Mimi ni mzee wa miaka sitini na tisa na leo naona haya mbele ya mwanafunzi.

Karatasi hii hapa. Rudisha kitabuni.

Didace

Kiti nimekirudisha ndani.

*

Mpanda, 12 Mei 2024

Mzee Didace,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mwenyewe, mara sita. Herufi kubwa ndo nazipenda, ungeandika hivyo tangu mwanzo.

Nilipoipata nilikasirika na mimi, nisikufiche. Nilisema kumbe mzee ndo kaniangusha. Nikabeba magunia na hasira yangu mpaka mchana. Halafu nikaona kwamba Kifaransa nilisema nakijua kabla hata jina lako sijalisikia. Hapo hukuwepo.

Jana nilikwenda kwa Severini. Tangu Pasaka nilikuwa napita barabara ya nyuma. Walikuwepo kama kumi. Mmoja akaanza, "Profe..." nikasema ngoja kwanza. Nikasema mi Kifaransa sijui, niliishia darasa la nne, nabeba magunia. Anayesoma ni Mzee Didace wa Mishamo, anasoma kwa lenzi, mjukuu wake anaandika. Na ukurasa wa 61 niliowasomea si wa kitabu, ni wa kwake, aliuona kwa macho. Nilisema nikiangalia sakafu. Waliponyamaza sikujua wananyamaza kwa nini, mpaka sasa sijui.

Kazi ya ualimu sikupewa, Stanslaus amewachagulia mtu. Na mechi alishinda yeye, tusidanganyane. Ila Severini aliniambia kitu. Siku ile nilipotoka, vijana waliuacha mji wangu wazi wauone unavyokufa njaa, wacheke vizuri. Wakakaa. Hakuna aliyegusa kitu. Ng'ombe wangu walikufa karibu wote, kwa sababu hakuna wa kuwapeleka mtoni, na hilo liliniuma mzee, sikufichi, nilikuwa nawajua mmoja mmoja. Lakini kwenye mashamba wale waliofika wakikimbia walikuwa wanalima. Mwaka wa thelathini wanalima. Mwaka wa arobaini na tano wanalima. Kicheko kikaisha wakabaki wanaangalia tu, mpaka umeme ulipokatika.

Karatasi nimeigundisha mahali pake, sitini, sitini na moja. Pembeni yake nikagundisha ile ya maneno yako aliyoandika Candide. Severini alisema nitaharibu kitabu. Nikamwambia kimeshaharibika siku nyingi. Akanipa gundi yake.

Jumamosi mashine haikoboi. Nitapanda pikipiki ya Jonas nije. Nina neno la kusema kanisani kwenu, kama mtaniruhusu, maana waliomba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nikishindwa kulisema nitasimama tu, mnione.

Halafu nataka unifundishe. Sio Kifaransa. Kiswahili kwanza, kusoma bila kurudia mara sita. Kile kiti kalia wewe. Mi nitakaa chini. Darasa la nne hatukuwa na madawati, nimezoea.

Zakayo